Sufi Hainywi Maji

Pembamwamba,
10 Agosti 2025

Mama Nilesh,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa mlangoni pa duka na chai yako ya tangawizi, unamgombeza mtu. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilipopiga ulisema, "Eeh, eeh, na wewe pia," ukakata, na mimi nilikuwa nimekuuliza bei ya uzi. Masikio yako na simu havipatani. Kwa hiyo naandika, na dereva wa basi atakufikishia mkononi.

Mama, bahari yetu imeharibika.

Jumatano meli ya mizigo ilipanda mwamba kule nje. Mabaharia wote waliokolewa, tukashukuru Mungu, tukadhani yamekwisha. Kumbe tumbo la meli lilikuwa limepasuka. Ijumaa alfajiri niliamshwa na harufu. Nikamwambia Mudi, "Mume wangu, umemwaga mafuta ya taa?" Naye alikuwa anataka kuniuliza hivyohivyo. Tulipofika ufukweni, mawimbi hayakuwa na sauti. Yalikuja mazito, meusi, yakaulamba mchanga kama uji uliopoa.

Tangu nilipoacha kukushonea mito nikaja kuolewa huku, riziki yangu ni mwani. Nilivuta kamba zangu, zikaniteleza mikononi. Kaa wamepanda juu ya mizizi ya mikoko, wametulia tu, hata ukiwashika hawakimbii. Nilimkuta yangeyange anajaribu kuruka na mabawa yamegandana. Nikamfuta kwa khanga yangu, akafia mapajani pangu.

Amekuja mtaalamu wa mazingira, dada mmoja anaitwa Jacqueline, hana maringo hata kidogo. Anasema mafuta ya ufukweni tutayazoa polepole, ila hatari kubwa ni mto wetu wa mikoko. Humo ndimo samaki, kamba na kaa wanamozalia. Mizizi ya mkoko inapumua juu ya tope. Mafuta yakiiziba, mti unakufa umesimama. Sasa hivi bamvua limepita, maji yanaanza kuwa mafu, hayapandi sana, na mafuta mengi yanaelea nje ya mlango wa mto. Lakini mwezi ukiandama, bamvua jingine litajaza maji hadi ndani kabisa, na mafuta yataingia nayo. Maboya ya kuzuia mafuta aliyokuja nayo yanaziba kipande kidogo tu cha mlango. Mengine yameagizwa mbali, hayajulikani yatafika lini.

Nakuomba uwaambie mafundi cherehani wa mtaani kwako wanikusanyie vipande vya vitambaa wanavyotupa. Tutafutia tunachoweza.

Mwanao,
Zamda Mwinyimvua


Mtaa wa Swahili, Kariakoo,
13 Agosti 2025

Zamda mwanangu,

Marahaba. Chai yangu ilipoa nikisoma.

Vitambaa sikutumii. Usinune, soma kwanza. Kitambaa ukikitupa baharini kinakunywa maji, kinashiba, kinazama, mafuta yanabaki juu yanakutazama. Wewe umejaza mito kwangu miaka chungu nzima, umesahau sufi?

Nikuhadithie jambo ambalo hukulikuta. Ulikuwa umeshaolewa. Mvua ilifurika Jangwani, na stoo yetu ilikuwa kulekule bondeni. Maji yalipanda kifuani. Marehemu mume wangu Jamnadas alikaa juu ya meza akasema, "Tumekwisha." Maji yaliposhuka tukafungua magunia: ndani sufi kavu, kama imetoka mtini jana. Ila magunia ya upande wa gereji, ambako mapipa ya dizeli yalipinduka, yalikuwa meusi, mazito, hayanyanyuliki. Sufi ilikuwa imeyakataa maji, ikanywa dizeli yote. Jamnadas akacheka mpaka akalia. "Ranjanben," akaniambia, "kumbe sufi yetu mlevi!"

Jana nimejaribu tena. Nimetia maji ya chumvi kwenye beseni, nikamwagia oili chafu kutoka gereji, nikatupia konzi ya sufi. Imefyonza yote, maji yakabaki unaweza kuoshea vyombo. Haya, nimezidisha kidogo.

Sufi ikiachwa yenyewe itapeperuka, kwa hiyo nimeshona vyandarua vya zamani kuwa mito mirefu, nikaijaza humo. Iunganisheni kwa kamba muifunge mlangoni pa mto. Ikishiba, ikamueni kwenye mapipa, muirudishe majini. Vaeni glavu. Shehena hii inakuja na basi lilelile.

Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi. Nakaa kwenye kiti, nashona kidogo kidogo. Duka linaendelea vizuri na Nilesh anakusalimu. Sufi ipo tele; watu wa siku hizi wote wanataka magodoro ya sponji.

Kaa mimi siwali, unajua, wala samaki. Lakini huyo yangeyange aliyekufia mapajani hanitoki kichwani.

Mama yako,
Ranjanben


Pembamwamba,
16 Agosti 2025

Mama Nilesh,

Shikamoo. Mito yako imefika na imeshapewa jina. Kuruthumu, mwenyekiti wa kikundi chetu cha mwani, alipoiona inateremshwa juu ya basi alipiga kelele, "Chatu hao!" Tangu hapo kijiji kizima kinaiita chatu.

Jacqueline alimkata mmoja, akaichezea sufi vidoleni. Akasema, "Hii nilisomeshwa chuoni, mama Zamda, lakini sikujua wa kumwomba nyingi kwa haraka namna hii." Tumewatandaza mlangoni pa mto. Walienda weupe, jana jioni tukawatoa wamekuwa weusi tii na wanene. Tukawakamua, tukawarudisha. Mudi amesema akifa azikwe na mmoja.

Wanafika karibu nusu ya mlango. Tukipata wengine kama hao, bamvua halitatutisha. Kama sufi bado ipo, mama, tunaomba tena.

Kuna maneno kidogo kijijini, lakini maneno hayakosekani penye watu.

Mwanao,
Zamda


Kariakoo,
19 Agosti 2025

Dada Zamda,

Shikamoo. Sijawahi kukuandikia, na samahani kwamba barua ya kwanza haina maneno matamu.

Mama amelazwa tangu juzi. Ni kifua. Daktari alishamkataza vumbi la sufi mwaka jana, akamwandikia kwa herufi kubwa kwa sababu hasikii, naye akaitikia kwa kichwa. Kumbe kila nikienda Posta kwenye shughuli zangu anafungua stoo, anajifunga mtandio puani, anajaza hao chatu wenu. Nilimkuta amekaa juu ya magunia, anahema kwa shida, midomo imebadilika rangi, na sindano bado ipo mkononi. Nikamwambia, "Mama, unataka kujiua?" Akanisoma midomo vizuri kabisa. Akanijibu, "Bado mmoja."

Na duka haliendelei vizuri. Linafungwa. Mwisho wa mwezi huu nakabidhi funguo, wanaingia wauza simu. Sufi iliyobaki stoo nilikuwa natafuta pa kuitupa. Mama hakukuambia kwa sababu wewe unamwandikia kana kwamba bado amekaa pale mlangoni, na nadhani anapenda kukaa pale, hata kama ni kwenye barua tu.

Sikulaumu, dada. Hukujua. Lakini nakuomba, usimwombe tena kitu chochote.

Nilesh Jamnadas


Pembamwamba,
20 Agosti 2025

Nilesh mdogo wangu,

Marahaba. Ningejua nisingeomba hata uzi. Nimekaa na barua yako tangu asubuhi, sijui niweke wapi mikono yangu.

Mwambie mama chatu wametosha. Mwambie mlango wa mto umezibwa wote, apumzike, apone.

Wewe nitakuambia kweli, kwa sababu umeniambia kweli. Hawajatosha. Mzigo wa kwanza ulipofika, haukuweza kulinda mto na mashamba ya mwani kwa pamoja. Wenzangu walitaka chatu wazungushe mwani, na walikuwa na haki, maana ndio unaotulisha. Mimi nikasimama nikasema mto kwanza. Mwani tunaweza kuupanda upya. Mkoko ukifa, atakayeuona umerudi ni mjukuu. Jacqueline akaniunga mkono, na hapo ndipo nilipochukiwa. Sasa mwani umeoza kwenye kamba, wao na mimi sawasawa, lakini wa kwangu hakuna anayeuona. Kuruthumu, aliyekuwa mkunga wangu na rafiki yangu, hapokei salamu yangu. Aliniambia mbele ya watu, "Zamda, umetupa watu ukaokoa matope."

Basi mlangoni tumebaki mimi, Mudi na Jacqueline. Nusu iko wazi, na Jumapili bamvua linaanza.

Hii usimwonyeshe. Mwambie tu wametosha.

Dada yako,
Zamda


Pembamwamba,
27 Agosti 2025

Mama Nilesh,

Shikamoo. Nimeambiwa umeruhusiwa na umeacha manesi wakishukuru Mungu. Nami nashukuru. Sasa nikuambie aliyoyafanya mwanao, maana najua yeye atakuambia, "Tulipeleka mzigo, tukarudi," basi.

Jumamosi jioni, watu wanatoka msikitini, lori likasimama. Nilesh akashuka na sufi kichwani, kwenye nyusi, masikioni, utadhani mzee wa miaka tisini. Nyuma lori limejaa chatu hadi juu ya turubai. Nikamwuliza, "Mama?" Akasema, "Yuko kitandani, anagombana na watu. Amenifukuza. Dada, mlango wa mto uko wapi?"

Watu walijaa kutazama, hakuna aliyesogea. Kuruthumu alikuwa mbele, mikono ameifunga kifuani. Nilesh hajui lolote la kijiji chetu. Alimkabili yeye yeye. "Shikamoo mama, nishikie upande huu, ni mrefu." Kuruthumu akamtazama. Akautazama ule mkia wa chatu uliokuwa unaburuta mchangani. Akainama akaushika.

Walipofika majini ndipo alipouliza, "Hawa ni wa mto tu?" Nilesh akasema, "Mama kaniambia wa mto na wa mwani, na kwamba nikirudi na hata mmoja nisiingie nyumbani kwake." Kuruthumu aligeuka akaita wanawake kwa majina, mmoja mmoja. Upande wa mashariki kulikuwa na kamba chache ambazo mafuta hayajazigusa, za mbegu ya kupandia. Hizo wakazizungushia chatu mpaka zikawa kama zimo ndani ya ua.

Jumapili alasiri maji yalianza kujaa. Sijawahi kuogopa bahari kama siku ile. Mafuta yalikuja kama mkeka mweusi, yanang'aa rangi za shingo ya njiwa, yakagonga chatu na kusimama. Tulikuwa mstari mzima, wanaume na wanawake, maji yako kifuani, kila mtu ameshika kipande chake. Katikati kamba ikakatika. Nilesh alikuwa jirani. Akajitupa juu ya zile ncha mbili akazikumbatia kwa mikono, naye hajui kuogelea! Kuruthumu akamdaka mkanda wa suruali kwa nyuma, anapiga kelele, "Mtoto wa watu huyu! Mtoto wa watu!" Hakumwachia mpaka Mudi alipofunga fundo jipya.

Jumatatu tukakamua, tukarudia. Jana tukarudia. Leo maji yameanza kupungua nguvu.

Hatukuokoa kila kitu, mama, sitakudanganya. Upande wa magharibi mafuta yalipenya, na mikoko mingi kule imepakwa hadi magotini. Jacqueline hana matumaini nayo. Lakini asubuhi hii nimeingia ndani ya mto kwa mtumbwi, hadi mwisho unapokuwa mwembamba. Maji ni yaleyale ya rangi ya chai. Nimechota kiganjani, nimenusa. Harufu ya tope, mama! Tope tupu! Nikakaa pale nikalia peke yangu.

Zamda


Upanga,
31 Agosti 2025

Zamda mwanangu,

Marahaba. Kwanza nikuadabishe. Nilesh alikuja hospitali akaniandikia kwenye karatasi, "Zamda anasema chatu wametosha." Huyo mtoto hajawahi kunidanganya akafaulu tangu anajifunza kutembea. Nikamnyooshea mkono. "Lete barua yenyewe." Akasema ameiacha nyumbani. Ilikuwa inachungulia mfukoni mwa shati lake.

Niliisoma yote. Nilipomaliza sikumgombeza, wala sikumwomba kitu. Nilimrudishia tu, nikageukia ukutani, kwa sababu sikutaka aone uso wangu. Kisha akanigusa bega, akauliza polepole ili niyasome maneno: "Vyandarua unashona mshono gani, mama?"

Yaliyofuata nimeyasikia kwa majirani, na jirani akinipigia kelele sikioni nasikia kidogo. Alifungua stoo, akabeba magunia hadi barazani. Alpesh, yule muuza sponji anayetunyang'anya wateja, akavuka barabara kuuliza kuna nini. Alipoambiwa alifunga duka lake, saa za biashara, akakaa chini kwenye lami na suruali yake nzuri. Mzee Rajabu, fundi wa jirani, akatoa cherehani zake mbili nje. Wakaja wauza khanga, wakaja wa vitenge, wasukuma mikokoteni wakashika sindano. Mtaa mzima ulikuwa mweupe, utadhani wamenyonyoa kuku wa Dar es Salaam yote. Wakasema, "Mama Nilesh anafunga duka, hii ni kazi yake ya mwisho, isiwe ya aibu."

Nilikuficha habari za kifua na za duka, nawe ukanificha habari za Kuruthumu. Tumelingana. Tusirudie.

Duka nimelifunga jana. Nililia kidogo. Kisha nikawaonyesha hao vijana wa simu mlango unavyokwama wakati wa mvua na namna ya kuuinua, maana hawana wa kuwaambia.

Mama yako,
Ranjanben


Pembamwamba,
18 Novemba 2025

Mama Nilesh,

Shikamoo. Kifua vipi? Jibu kweli.

Meli imevutwa, imeondoka. Habari za fidia bado zinazunguka kwenye maofisi. Mchanga wetu juu ni mweupe, lakini ukifukua kwa mkono unakutana na mstari mweusi, na Jacqueline anasema utakuwepo miaka. Mikoko ya magharibi imekauka, imesimama kama kuni. Ndege hawaji upande ule.

Lakini mto uko hai. Kamba wadogo, wadogo kuliko punje ya mchele, wamejaa hadi maji yanacheza yenyewe. Ile mbegu ya mashariki tumeigawana, kila mwanamke fungu lake, na mwani umeanza kutia matawi. Aliyegawa ni Kuruthumu. Alipofika kwangu aliniwekea fungu, akaongeza jingine. Nikamwambia, "Mbona mengi?" Akasema, "Nyamaza, Zamda. Pokea." Sijamwuliza zaidi. Jioni yake alikuja kwangu na sahani ya vitumbua, tukavila vyote.

Jacqueline ana ombi, nami nimemwambia nitaliandika ila siliungi mkono mpaka wewe na Nilesh mkubaliane. Vijiji vingine vya pwani vimesikia habari za chatu. Wanataka kila kijiji kiwe na akiba yake ghalani, tayari, kabla meli nyingine haijagonga mwamba. Sisi tulipata siku chache za maji mafu. Wengine huenda wasipate.

Zamda


Ilala,
12 Januari 2026

Zamda mwanangu,

Marahaba. Kifua kinaimba kidogo asubuhi, mchana kinanyamaza. Huo ndio ukweli.

Ombi lenu nimelikalia muda kwa sababu nilitaka nikujibu kwa vitendo. Ona nilipoandikia: si Upanga, ni Ilala. Nilesh amepata chumba kikubwa nyuma ya mafundi seremala, chenye madirisha pande mbili. Wazo ni lake. Mimi nilikuwa najifanya nimezeeka. Alpesh ameingia na fungu lake, na eti sasa anawaambia wateja kwamba sponji haina akili. Mafundi ni wasichana wawili, Candida na Fatuma, wamevaa barakoa wakati wote. Mimi nimepigiwa mstari wa chaki mlangoni, ndani siruhusiwi. Nimewekewa kiti barazani, naletewa kila chatu aliyekamilika niukague mshono wake. Nikiona mbaya nafumua. Candida ananiogopa, Fatuma bado.

Wiki iliyopita gari la kwanza limekwenda kusini, la pili linakwenda kaskazini keshokutwa. Mwenye gari akaniuliza, "Mama, hii biashara yako mteja anarudi baada ya muda gani?" Nikamwambia, "Asirudi kabisa."

Miaka yote nimeshona mito nikimwombea mtu alale vizuri juu yake. Hawa chatu nawashona kwa nguvu kuliko mto wowote, mwanangu, mshono mara mbili, uzi wa nailoni. Kisha namwomba Mungu wazeekee ghalani.

Mama yako,
Ranjanben